Mama Raheli, Mikaratusi na Karatasi ya Kumi na Nne

Alhamisi, tarehe 30 Juni 1977, saa nne na nusu asubuhi, Bibi Raheli Shemhilu atakabidhi ufunguo wa Nyumba ya Watoto ya shamba letu la chai na kustaafu, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Miaka kumi ya kwanza alichuma chai. Ishirini na mmoja iliyofuata alilea watoto wa wanaochuma. Rejista zake zote zipo na zote zinasomeka. Ndani yake mna majina ya watoto 1,164.

Katika miaka hiyo yote amepata barua moja tu ya onyo. Wapo waliotushauri wasifu huu usiitaje, kwa kuwa siku ya kuagana ni siku ya furaha. Furaha ipo, na keki ipo. Lakini mwezi wa Machi Mama Raheli aliiomba Ofisi jambo moja kabla hajaondoka, nalo ni barua hiyo itolewe kwenye faili lake. Hakuomba kingine. Kwa hiyo anayetaka kumuaga bila kuitaja barua hiyo anamuaga mtu mwingine.

Mama Raheli alizaliwa mwaka 1922 katika vijiji vya juu ya Bumbuli, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na akaja hapa mwaka 1946 pamoja na mumewe Mika, fundi seremala. Wakati huo hapakuwa na Nyumba ya Watoto. Mchumaji mwenye mtoto mchanga alikuja naye shambani, akamlaza kwenye gunia mwisho wa mstari wa chai, akawa anamwangalia kila anapogeuka. Mtoto wa kwanza wa Raheli na Mika aliitwa Nikodemo. Alifariki kwa kichomi mwezi Julai 1948, akiwa na miezi mitano. Mama huyu, ambaye huzungumza sana na hucheka sana, juu ya jambo hilo husema sentensi moja tu: "Gunia lilikuwa limelowa."

Nyumba ya Watoto ilifunguliwa mwaka 1956 kwenye ghala la zamani la mbolea. Walihitajika walezi watatu. Raheli alikuwa mchumaji hodari, na msimamizi wake alimkatalia kuhama. Alihama hivyo hivyo. Alikwenda siku ya kwanza na nyundo ya mumewe na misumari arobaini, akaipiga ukutani kwa safu mbili, ya juu na ya chini. Watu walidhani anataka kutundika picha.

Misumari hiyo ndiyo kazi yake yote kwa ufupi, na inafaa kuelezwa kwa sababu vijana wengi wa ofisini wanaiona kila siku bila kujua maana yake. Ya juu ni ya nguo kavu, ya chini ni ya nguo mbichi. Mtoto anayefika saa kumi na mbili asubuhi mgongoni kwa mama yake amepita kwenye umande na ukungu, na hata kama amefunikwa gubigubi, ukingo wa kanga umelowa na soksi zimelowa. Huvuliwa kila kilicholowa kabla hajaingia ndani na huvishwa kikavu. Mama Raheli huwafundisha walezi wapya kwamba mtoto huweza kuvumilia baridi ya hapa akiwa mkavu, ila baridi na maji vikikutana juu ya mwili mdogo, blanketi haliwezi kusaidia. Baridi hiyo yeye huiita kwa Kishambaa, mpeho, na akiitamka hivyo walezi hujua hakuna mjadala.

Saa nne wachumaji hushuka kunyonyesha. Chai yenye umande humlowesha mchumaji kuanzia kifuani hadi magotini, gunia la kujikinga liwepo lisiwepo. Kwa hiyo kuna kanuni ya pili: hakuna mama anayempakata mtoto kabla hajavaa kanga kavu kutoka kwenye msumari wa juu. Mwanzoni mwa mwaka 1971 mchumaji mmoja aitwaye Hamida, aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wote na hakupenda kupoteza dakika, aligoma mlangoni mbele ya wenzake.

"Nimekuja kunyonyesha, sikuja kukaguliwa kama mbuzi wa mnadani."

"Mbuzi wa mnadani ni mkavu," akajibu Mama Raheli, akampa kanga.

Hamida alivaa. Wenzake walicheka mpaka kwenye mizani ya jioni, na yeye mwenyewe ndiye anayesimulia kisa hiki vizuri kuliko mtu yeyote.

Kanuni zake hazichagui cheo. Meneja mmoja wa zamani, kabla shamba halijawa mali ya umma, aliingia na buti zenye tope na maji akapita katikati ya mikeka ambako watoto wanatambaa. Mama Raheli alisimama, akakunja mikono kwa adabu, akasema, "Shikamoo, Bwana Meneja. Viatu nje." Meneja alitoka, akavua, akarudi na soksi. Moja ilikuwa na tundu. Habari hiyo ilifika kiwandani kabla yake.

Mwaka 1962, katika wiki ya baridi kali, mlezi mmoja alifunga madirisha yote na kuingiza jiko la mkaa ili watoto wapate joto. Mama Raheli alikuwa nje akianika. Aliporudi alikuta nyumba imetulia kuliko kawaida, na mlezi ameegemea ukuta akisema kichwa kinamuuma. Watoto tisa walikuwa wamelala saa ambayo huwa hawalali. Aliwatoa wote nje, wawili wawili, akafungua milango. Wote walipona. Tangu siku hiyo jiko hukaa barazani, nguo hupashwa moto huko nje na kuletwa ndani, na dirisha moja huwa wazi mwaka mzima, upande usiopigwa na upepo. Tunataja tukio hilo kwa sababu barua ya onyo inasema Bibi Raheli Shemhilu hajui umuhimu wa hewa safi.

Sasa tuieleze barua hiyo.

Jumanne tarehe 16 Februari 1971 alifika hapa Ndugu Eliudi Mbonde, aliyekuwa Ofisa Ustawi katika makao ya Shirika letu huko Tanga. Ilikuwa saa moja asubuhi, jua limetoka, mwezi wenye joto kuliko yote katika mwaka wetu. Alikuta watoto thelathini na mmoja wako ndani. Akauliza kwa nini. Mama Raheli akamwambia anasubiri nyasi zikauke, atawatoa saa mbili na nusu, kama kawaida. Ndugu Eliudi aliandika neno moja kwenye daftari lake. Siku kumi baadaye uliletwa waraka: kuanzia tarehe 1 Machi, watoto wote wa mashamba yote ya Shirika watolewe nje kupata hewa safi kuanzia saa moja kamili hadi saa nne asubuhi, kila siku ya kazi, mwaka mzima.

Mwaka mzima. Waraka huo uliandikwa Tanga, mwezi Februari, katika chumba chenye feni. Aliyeandika alikuwa amekaa kwetu saa tatu na nusu. Mtu yeyote aliyelala hapa usiku mmoja wa mwezi wa saba anajua kwamba saa moja asubuhi huuoni mkono wako ukiunyoosha, na maji hudondoka kwenye mabati kama mvua ingawa mvua haijanyesha. Hakuulizwa mlezi. Hakuulizwa mganga wa zahanati. Hakuulizwa hata dereva aliyemleta, ambaye alikuja na koti.

Machi hadi Mei Mama Raheli aliutekeleza waraka kadiri hali ya hewa ilivyoruhusu. Ukungu ulipoanza kushuka aliandika barua, tarehe 24 Mei, akieleza hali ya hapa na kuomba watoto watolewe ukungu ukishaondoka kwenye mstari wa mikaratusi. Mikaratusi hiyo ni ile iliyo chini ya Nyumba ya Watoto, kando ya njia ya trekta. Ndiyo saa yake. Mikaratusi ikionekana hadi mashinani, nyasi za uwanjani huwa zimebakiza nusu saa kukauka, na hapo ndipo huanza kuwavisha watoto kofia. Barua haikujibiwa. Aliandika ya pili tarehe 10 Juni na ya tatu tarehe 25 Juni. Nakala za zote tatu tumeziona, na juu yake kuna muhuri wa kupokelewa. Jibu hakuna.

Jumatatu tarehe 5 Julai, siku mbili kabla ya Saba Saba, Ndugu Eliudi alikuja na wageni watano kukagua ustawi wa wafanyakazi. Saa moja kasoro dakika kumi alisimama mlangoni akaagiza watoto watolewe ili wageni waone waraka unatekelezwa. Mama Raheli alimwomba nusu saa. Walezi wawili walikuwepo, nao wameyahifadhi maneno hayo.

"Ndugu, mikaratusi haionekani."

"Mama, nimekuja kukagua watoto. Miti ina idara yake."

Wageni walicheka. Watoto wakatolewa. Waliketi kwenye mikeka juu ya nyasi mbichi kwa dakika hamsini, wakaimba wimbo, wakapigwa makofi. Mikeka ililowa ikapenya. Wageni walipoondoka kwenda kunywa chai, Mama Raheli aliwaingiza watoto ndani, akawapitia mmoja mmoja kwa namna anayowafundisha wenzake: kushika kisogo. Kiganja cha mtoto huwa baridi hata akiwa salama, na uso huweza kudanganya. Kisogo kikiwa baridi, mwili umeshaanza kushindwa. Visogo kumi na viwili vilikuwa baridi. Cha Zuhura, binti wa Hamida, mwenye miezi saba, kilikuwa baridi naye hakulia, na kutolia ndiko kulikomtisha. Alimweka kifuani ngozi kwa ngozi chini ya blanketi, akamtuma mlezi mwenzake zahanati.

Zuhura alishikwa na kichomi jioni ile. Mganga wa zahanati, Ndugu Rubeni, alimpeleka Lushoto hospitali kwa gari la shamba, na alilazwa siku kumi na moja. Watoto wengine wanne walitibiwa hapa. Zuhura alipona, na mwaka huu yuko darasa la kwanza. Tunasema hivyo mapema ili msomaji asibaki na hofu. Hamida alikaa na hofu hiyo siku kumi na moja.

Jumanne tarehe 6 Julai Mama Raheli hakumtoa mtoto yeyote kabla ya saa tatu. Jumatano ilikuwa Saba Saba. Alhamisi tarehe 8 Julai Ofisi ya Utumishi ikaandika barua ya onyo. Tunainukuu sehemu yake muhimu, kwa kuwa iko kwenye faili, ni karatasi ya kumi na nne: "Umekaidi waraka kwa makusudi, umewafungia watoto ndani na kuhatarisha afya zao. Hili ni onyo kali, na litazingatiwa katika kila hatua ya utumishi wako."

Kuhatarisha afya zao! Siku barua hiyo inapigwa chapa, Zuhura alikuwa na siku ya tatu hospitali. Barua haimtaji. Haitaji mikeka, wala dakika hamsini, wala zile barua tatu zenye mihuri. Na mwanamke anayeambiwa amehatarisha watoto kwa baridi ni yule aliyemzika Nikodemo.

Ahadi ya barua ilitimizwa. Nafasi ya Msimamizi wa Huduma za Watoto ilikuwa wazi mwaka 1972, mwaka 1974 na tena mwaka jana. Mara zote tatu faili lilifunguliwa, karatasi ya kumi na nne ikasomwa, na nafasi ikapewa mtu mwingine. Mara zote tatu mtu huyo aliletwa kwa Mama Raheli afundishwe kazi. Alimfundisha. Kisogo, msumari wa juu, msumari wa chini, nguo mbili nyepesi badala ya moja nzito ili ya ndani ibaki kavu, kofia ivuliwe mtoto akianza kukimbia na kutoka jasho, kanga ya mgongoni isifunike pua.

Kisha likaja jambo ambalo lingechekesha kama lisingekuwa letu. Aprili 1972 ulitolewa waraka mpya, umetiwa saini na Ndugu Eliudi yuleyule. Haukueleza kwa nini ule wa kwanza unafutwa. Ulisema tu kwamba, baada ya uchunguzi wa kitaalamu, watoto katika mashamba yote watatolewa nje "ukungu ukishaondoka kwenye mstari wa mikaratusi." Neno kwa neno. Waliikopi barua ya tarehe 24 Mei bila hata kuondoa miti yake.

Shamba la mkonge la Shirika hilohilo, kule chini tambarare upande wa Magoma, liliandika kwa unyenyekevu kuuliza mikaratusi inayotajwa ni ipi. Walisema kwao hakuna mkaratusi hata mmoja, ukungu hawajauona tangu shamba lianzishwe, na watoto wao wako ndani siku ya nne wakisubiri. Kama miche ni lazima, wakaomba iletwe kabla ya mvua kwisha. Barua hiyo tunayo nakala yake. Aliposomewa, Mama Raheli alicheka hadi akakaa chini, kisha akafuta macho na kusema, "Waambieni wawatoe watoto wa watu. Huko kwao wawatafutie kivuli."

Hakuna aliyemwambia asante. Jina lake halimo kwenye waraka ule. Lakini hesabu ziko kwenye daftari la Ndugu Rubeni: Juni hadi Agosti 1971, watoto kumi na tisa wa nyumba hii walitibiwa kifua. Miezi hiyohiyo mwaka 1973, wanne. Mwaka jana, watatu, na mmoja wao aliugulia nyumbani wakati wa likizo ya mama yake. Hizi ndizo afya zinazosemwa zilihatarishwa.

Mwezi Machi mwaka huu, kama tulivyosema, aliomba karatasi ya kumi na nne itolewe. Tulimuuliza kama anatafuta cheo cha dakika za mwisho. Alitutazama kama anavyomtazama mtu mwenye buti za maji. "Cheo nikifanyie nini, baba? Nataka nisiondoke imeandikwa kwamba niliwadhuru watoto. Hilo tu."

Kamati ya Wafanyakazi iliandika kumuunga mkono, ikaambatisha barua zake tatu, daftari la zahanati, waraka wa pili na ile barua ya miche. Hamida aliweka dole gumba na kuongeza kwa mdomo maneno ambayo Katibu aliona yasiandikwe. Jibu la Ofisi ya Utumishi lilitoka tarehe 12 Mei, mistari miwili: "Kwa mujibu wa kanuni, karatasi ikishaingia kwenye faili la mtumishi haitolewi kwa sababu yoyote. Suala hili limefungwa."

Hawakusema barua ile ni ya haki. Hawakusema si ya haki. Walisema haitoki. Miaka sita mtu amebeba kosa la mwenzake, na ofisi iliyomtwika inajibu kwa habari za karatasi.

Tumeisoma kanuni hiyo. Tumeisoma yote, si mstari mmoja. Kifungu kinachofuata kinasema kwamba wasifu wa mstaafu, ukishasomwa mbele ya wafanyakazi katika sherehe ya kumuaga, utawekwa kwenye faili lake kama kumbukumbu ya utumishi. Na kila karani anajua kwamba katika faili karatasi mpya hukaa juu ya ile ya zamani.

Wasifu huu utasomwa Alhamisi mbele ya wafanyakazi wote, kwenye uwanja wa Nyumba ya Watoto, ukungu ukishaondoka kwenye mikaratusi. Ndugu Yunis, anayepokea ufunguo, ndiye atakayeusoma, na siku hiyohiyo Kamati itaupeleka Ofisi ya Utumishi na kusubiri hapo hadi upigwe muhuri na kupewa namba. Kuanzia hapo, atakayelifungua faili la Raheli Shemhilu ataanza na ukurasa huu. Atasoma kwamba aliwalinda watoto 1,164, kwamba alionywa kwa kosa ambalo hakulifanya, na kwamba aliyekosea alikuja kutia saini maneno ya Mama Raheli. Ndipo afike kwenye karatasi ya kumi na nne, akitaka. Nayo karatasi hii ya wasifu, kwa mujibu wa kanuni, haitolewi kwa sababu yoyote.

Mama Raheli, tunakushukuru sisi wafanyakazi wenzako, na akina mama waliovaa kanga zako kavu kwa manung'uniko. Misumari yako arobaini itabaki ilipo. Nenda nyumbani kwa Mzee Mika ukae na wajukuu barazani, uamke saa unayotaka, na jua likukute umeshakunywa chai. Tunakuombea siku nyingi, na kavu.